Mikono Inayotibu: Mzio wa Dawa za Kuua Vijidudu kwa Wahudumu wa Afya

Mwaka 1889, hospitali ya Johns Hopkins ilipofunguliwa mjini Baltimore, Marekani, muuguzi mkuu wa chumba cha upasuaji alikuwa Caroline Hampton. Daktari wa upasuaji, William Halsted, alimhesabu kuwa msaidizi hodari kupita kawaida. Usafi wa siku zile ulikuwa mkali: mikono ilitumbukizwa katika maji yenye kloridi ya zebaki, na asidi ya kaboliki ilitumika kusafishia vifaa. Vijidudu vilikufa, lakini ngozi ya Hampton nayo iliharibika. Ilitoka upele, ikamwasha, ikapasuka, hadi ikaonekana kwamba hataweza tena kuifanya kazi ile. Halsted hakukubali kumpoteza. Aliiomba kampuni ya Goodyear itengeneze jozi mbili za glavu nyembamba za mpira. Glavu zikafika, Hampton akabaki katika chumba cha upasuaji, na mwaka 1890 wawili hao wakafunga ndoa.

Glavu hizo hazikuagizwa kumkinga mgonjwa. Ziliagizwa kumkinga muuguzi dhidi ya dawa. Miaka kadhaa ilipita kabla madaktari wa hospitali ileile hawajaanza kuzivaa kila wanapopasua, na mwaka 1899 mmoja wao, Joseph Bloodgood, akatangaza kwamba maambukizi katika upasuaji wa ngiri yamepungua mno tangu glavu zilipoingia. Mamilioni ya wagonjwa wamenufaika tangu hapo kwa sababu mtu mmoja aliithamini mikono ya muuguzi mmoja.

Hoja ya mhadhara huu inasimama hapo. Kumlinda mhudumu na kumlinda mgonjwa ni kazi moja. Mkono uliopasuka hukwepa kunawa kwa sababu unauma, na nyufa zake huhifadhi vijidudu vingi kuliko ngozi nzima. Hospitali inayodai usafi wa mikono bila kuitunza mikono yenyewe inajidhoofisha.

Kuunguzwa si mzio

Mhudumu akiona mikono inawasha husema, "Nina aleji na dawa hii." Mara nyingi sivyo, na kosa hilo la kutambua lina gharama.

Ngozi ya mkono ina tabaka la juu la seli zilizokufa, zilizoshikamanishwa na mafuta. Sabuni huyaondoa mafuta hayo. Muuguzi wa wodi ya wazazi hunawa makumi ya mara katika zamu moja, anavaa glavu mikono ikiwa bado imelowa, anazivua, ananawa tena. Mafuta hayapati muda wa kurudi. Ngozi inakauka, inakuwa nyekundu katikati ya vidole na chini ya pete, kisha inachanika kwenye maungio. Huu ni ukurutu wa kuunguzwa. Unaweza kumpata mtu yeyote, hauhitaji mzio, na ndio unaowasumbua walio wengi. Nchini Denmark, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2012 uliwauliza wahudumu zaidi ya 2,200 wa hospitali, na asilimia 21 walisema wamepata ukurutu wa mikono ndani ya mwaka mmoja. Janga la Uviko-19 lilipoanza, wahudumu 542 waliokuwa mstari wa mbele katika jimbo la Hubei, China, waliulizwa kuhusu ngozi zao. Asilimia 97 walikuwa na madhara, mikononi na usoni.

Klorini nayo iko katika kundi hili. Wakati wa mlipuko wa Ebola wa Kivu Kaskazini na Ituri, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, wahudumu wa Beni, Butembo na Goma waliishi na ndoo za klorini: asilimia 0.05 kwa mikono, asilimia 0.5 kwa vifaa na sakafu. Kila muuguzi wa Afrika Mashariki anaijua hesabu ya Jik ya asilimia 3.5: kopo moja la Jik kwa makopo sita ya maji, ipatikane asilimia 0.5. Anayemimina kwa kukadiria kwa macho hutengeneza dawa kali kupita inavyohitajika, na mkono unaolowekwa humo unaungua bila mzio wowote kuhusika.

Mzio ni jambo jingine. Hapo kinga ya mwili imeitambua dawa kama adui na kuiweka kwenye kumbukumbu. Mguso wa kwanza hupita kimya, na wa pili pengine pia. Mtu anaweza kuitumia dawa kwa miaka kumi bila tatizo, kisha siku moja mwili ukaikataa. Ndiyo maana kauli ya "nimeizoea dawa hii siku nyingi" haimtoi mtu hatarini.

Mzio wenyewe una njia mbili. Katika njia ya kwanza, seli T ndizo zinazoibeba kumbukumbu. Upele hujitokeza siku moja hadi tatu baada ya mguso, ukiwa na malengelenge madogo yanayowasha, na huweza kupanda hadi kwenye mikono ya juu au kuonekana usoni pale mtu alipojigusa. Katika njia ya pili, mwili umetengeneza kingamwili aina ya IgE dhidi ya dawa. Hiyo haingoji: ndani ya dakika chache mtu huvimba ngozi, hupiga chafya, hubanwa kifua, na akiwa na bahati mbaya shinikizo la damu linaporomoka. Hali hiyo ya mwisho ni anafilaksia, na tiba yake ya kwanza ni sindano ya adrenalini msulini, pajani, bila kuchelewa.

Hali hizi zimeunganishwa. Ngozi iliyounguzwa imepoteza ukuta wake, kwa hiyo kemikali hupenya kwa urahisi hadi kwenye seli za kinga. Ukurutu wa kawaida unaopuuzwa leo ndio mlango wa mzio wa kesho, na mzio ukishaingia hauondoki. Mtu hubaki nao maisha yake yote na dawa yake ni moja tu: kuepuka.

Siku nne za kusoma mgongo

Kutofautisha kuunguzwa na mzio hakufanyiki kwa kuangalia tu. Kunahitaji kipimo, na kipimo hicho kilianza na zebaki ileile iliyomtesa Hampton. Mwaka 1895 Josef Jadassohn, daktari wa ngozi wa mji wa Breslau, alionyesha kwamba ngozi ya mgonjwa aliyedhurika na dawa ya zebaki hutoa ukurutu mahali palipobandikwa zebaki kidogo.

Kipimo cha viraka kinachotumika leo kimerithi wazo hilo. Mgonjwa hukaa mgongo wazi. Juu ya mgongo hubandikwa utepe wenye visahani vidogo, kila kisahani kina kemikali moja kwa kiwango kilichopimwa. Klorheksidini, kwa mfano, huwekwa kwa asilimia 0.5 katika maji. Mahali pa kila kisahani hutiwa alama kwa kalamu. Kwa saa 48 mgonjwa haoshi mgongo wala hafanyi kazi ya kumtoa jasho. Siku ya pili utepe hubanduliwa na ngozi husomwa. Siku ya nne husomwa tena, maana mzio hupenda kuchelewa, na wekundu wa kuunguzwa huanza kufifia wakati mzio unazidi kuinuka. Alama yenye wekundu uliovimba na vilengelenge ndiyo jibu.

Kwa mzio wa ghafla kipimo ni kingine. Tone la dawa huwekwa mkononi upande wa ndani, ngozi hudonolewa kwa ncha ya sindano ndogo, na baada ya dakika 15 hadi 20 uvimbe hupimwa kwa rula. Kipimo hiki hufanywa adrenalini ikiwa mezani.

Klorheksidini, rafiki wa kuangaliwa

Kati ya dawa zote za kuua vijidudu zinazotumika hospitalini, inayostahili kutazamwa kwa karibu zaidi ni klorheksidini. Ilizaliwa katika maabara za kampuni ya Imperial Chemical Industries nchini Uingereza, ambako wanakemia waliokwisha kuipata proguanili, dawa ya malaria iliyouzwa kwa jina la Paludrine, waliendelea kuchunguza kemikali za ukoo uleule. Iliingia katika matumizi mwaka 1954. Waganga wa Afrika Mashariki waliifahamu kwa majina ya Hibitane na Savlon.

Sifa zake ni za kweli. Hung'ang'ania ngozi na kuendelea kuua vijidudu kwa saa kadhaa. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliiweka katika orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya kupaka kitovu cha mtoto mchanga, na mwaka 2016 likapendekeza klorheksidini yenye spiriti kwa kusafishia ngozi kabla ya upasuaji. Kisiwani Pemba ilijaribiwa kwa watoto wachanga 36,911, ingawa matokeo yaliyotangazwa mwaka 2016 hayakuonyesha kwamba ilipunguza vifo kwa kiwango cha kuridhisha kitakwimu. Dawa inayotumika kwa upana huo haitupwi kwa sababu ya wachache wanaodhurika nayo. Lakini wachache hao wapo, na wanaongezeka kuonekana kadiri inavyotumika.

Japani ndiyo iliyopiga kengele mapema: mwaka 1984 wizara yake ya afya ilishauri isitumike kwenye utando laini wa mwili, baada ya wagonjwa kupata anafilaksia. Mwaka 1998 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitahadharisha juu ya mipira ya mishipa iliyopakwa klorheksidini. Mamlaka hiyo iliporudi kwenye suala hilo mwaka 2017, ilikuwa imekusanya visa 52 vya anafilaksia vilivyohusishwa na klorheksidini inayopakwa kwenye ngozi, viwili kati yake vikiwa vya vifo. Nchini Uingereza ukaguzi wa kitaifa uliotolewa mwaka 2018 ulichambua visa 266 vya anafilaksia wakati wa upasuaji. Kati ya visa ambavyo chanzo chake kilitambuliwa, antibiotiki ziliongoza kwa asilimia 47, dawa za kulegeza misuli zikafuata kwa asilimia 33, na klorheksidini ikashika nafasi ya tatu kwa asilimia 9.

Na wahudumu je? Picha inahitaji uangalifu. Mwaka 2003 watafiti wa Denmark waliwapima wahudumu 104 wanaoitumia klorheksidini kila siku na hawakumpata hata mmoja mwenye mzio. Mwaka 2009 madaktari wa Uingereza walieleza wahudumu wanne wa afya waliothibitika kuwa na mzio wa IgE kwa dawa hiyohiyo. Kabla ya hapo, mwaka 1989, wauguzi wawili walikuwa wameelezwa kupata pumu kutokana na mvuke wa klorheksidini na spiriti iliyopuliziwa. Kwa hiyo mzio huu kwa wahudumu si wa kawaida, lakini upo, na unampata mtu ambaye mazingira yake yote ya kazi yamejaa dawa hiyo.

Ugumu wake mkubwa ni kujificha. Klorheksidini imo katika sabuni ya kusugulia mikono ya upasuaji, katika vitambaa vya kufutia ngozi, katika jeli inayopakwa mpira wa mkojo, katika baadhi ya mipira ya mishipa mikubwa, katika dawa ya kusukutulia kinywa. Nchini Denmark madaktari waligundua wagonjwa waliopata anafilaksia kwenye meza ya upasuaji huku kila mtu akishuku dawa ya usingizi. Mkosaji alikuwa klorheksidini iliyopakwa kabla au jeli ya mpira wa mkojo. Muuguzi mwenye mzio huo akilazwa kujifungua kwa upasuaji, anaweza kuokoka na dawa zote za usingizi akadhurika na pamba iliyomfuta tumbo.

Yanayopita puani

Mikono si njia pekee. Glutaraldehidi, iliyouzwa kwa jina la Cidex, ilitumika kwa miongo mingi kulowekea vifaa vya endoskopia. Mvuke wake uliwasababishia pumu wauguzi wa vyumba hivyo, na mwaka 2002 Cidex iliondolewa sokoni Uingereza. Dawa iliyochukua nafasi yake katika hospitali nyingi, orthofthalaldehidi, ikaleta funzo lake: wagonjwa wa saratani ya kibofu waliochunguzwa mara kwa mara kwa kifaa kilicholowekwa humo walipata anafilaksia. Dawa mbadala nayo inahitaji kufuatiliwa kuanzia siku inapoingia stoo.

Kuna pia dawa za kufutia vitanda na meza zenye kemikali za amonia za kundi la benzalkonia, ambazo zimehusishwa na pumu ya kazini. Nchini Marekani, wauguzi 73,262 walifuatiliwa kati ya mwaka 2009 na 2015. Waliotumia dawa za kuua vijidudu kila wiki walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 25 hadi 38, wa kupata ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa. Kubadili chupa ya kupulizia kuwa kitambaa kilicholowanishwa ni hatua ya bei ndogo inayopunguza kiasi kinachofika mapafuni.

Wanaosingiziwa

Wakati klorheksidini inajificha, spiriti na iodini hubeba lawama zisizo zao.

Kitakasa mikono chenye spiriti huuma kikigusa ngozi iliyochubuka. Muuguzi husikia mchomo, huamini ana mzio nacho, na hurudi kwenye sabuni. Amefanya kinyume. Mzio wa kweli wa spiriti yenyewe ni nadra sana. Kilichochubua ngozi ni sabuni, na spiriti imeonyesha tu jeraha lililokuwepo. Tafiti zilizolinganisha njia hizo mbili zimeonyesha kwamba kitakasa chenye kilainisho huharibu ngozi kidogo kuliko kunawa kwa sabuni mara kwa mara.

Kilainisho hicho si pambo. Fomula ya Shirika la Afya Duniani kwa lita kumi inataka mililita 8,333 za ethanoli ya asilimia 96, mililita 417 za hidrojeni peroksidi ya asilimia 3, na mililita 145 za glisarini, kisha maji safi hadi ijae. Ni fomula inayoweza kutengenezwa hapahapa; nchini Uganda kampuni ya Saraya imetengeneza kitakasa kwa pombe inayotokana na molasi ya kiwanda cha sukari cha Kakira, karibu na Jinja. Famasia ya hospitali inayoruka glisarini ili kubana matumizi inawanyima wahudumu sehemu inayowalinda.

Iodini nayo imebeba kisa kinachosikika sana katika pwani: kwamba anayedhurika na kamba au ngisi asipakwe iodini. Hakuna uhusiano. Mzio wa kamba na ngisi unatokana na protini iitwayo tropomiosini, na wa samaki wenye miba unatokana hasa na parvalbumini. Povidoni-iodini inaweza kuunguza ngozi ikituama chini ya mgongo wa mgonjwa kwa saa nyingi, lakini mzio wake wa kweli ni nadra. Mhudumu mwenye mzio wa klorheksidini anayenyimwa iodini kwa sababu ya sahani ya kamba ananyimwa mbadala wake bora.

Ujerumani walivyoshinda

Glavu zilizoanza kama kinga zilikuja kuwa zenyewe chanzo cha mzio. Tahadhari dhidi ya virusi vya UKIMWI zilipoenea kuanzia mwaka 1987, matumizi ya glavu za mpira wa asili yalipanda ghafla. Nyingi zilikuwa na unga ndani. Protini za mpira zilishika unga huo na kuelea hewani kila glavu ilipovuliwa. Wahudumu wengi walipata upele wa ghafla, mafua na pumu.

Ujerumani haikuishia kuwashauri wauguzi wawe waangalifu. Kufikia mwaka 1998 kanuni zake za kazi zilikataza glavu za mpira zenye unga na kutaka zenye protini kidogo. Hadi mwaka 2002, visa vipya vilivyoshukiwa vya mzio huo wa ngozi kwa wahudumu wa afya vilikuwa vimeshuka kwa karibu asilimia 80. Marekani ilipiga marufuku glavu zenye unga Januari 2017. Kilichobadilika ni kitu kilichonunuliwa. Muuguzi hakuombwa avumilie.

Linaloweza kufanyika kwetu

Sheria ipo. Orodha ya magonjwa ya kazini ya Shirika la Kazi Duniani, iliyorekebishwa mwaka 2010, inataja wazi ukurutu wa mzio na pumu inayosababishwa na vitu vya kazini. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, iliyozaa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Kenya ina sheria zake za usalama kazini na za fidia, zote za mwaka 2007. Utaalamu nao upo: kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoko katika hospitali ya KCMC, Moshi, kimewafundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika tangu miaka ya 1990.

Kinachobaki ni utaratibu wa kila siku, na hauhitaji fedha nyingi. Kila wodi iwe na krimu isiyo na manukato kando ya sinki. Mafuta mazito kama vaselini yatumiwe nyumbani usiku, maana mafuta hudhoofisha glavu za mpira. Sabuni itumike mikono ikiwa imechafuka kwa macho, spiriti ichukue nafasi iliyobaki, na glavu zivaliwe mikono ikishakauka. Klorini ipimwe kwa kopo. Mkuu wa famasia atengeneze orodha ya kila bidhaa yenye klorheksidini katika hospitali yake, ibandikwe chumba cha upasuaji, na neno "klorheksidini" liingie katika fomu inayomuuliza mgonjwa juu ya mzio kabla ya kulazwa.

Muuguzi, mkunga au mfanya usafi ambaye mikono yake inapasuka, au ambaye kifua kinambana kila anapofika kazini na kumwachia akiwa likizo, aandike majina ya dawa, sabuni na glavu zote anazozitumia, akiyanakili kutoka kwenye chupa na maboksi yenyewe. Aipeleke orodha hiyo kwa mtaalamu wa ngozi au wa kifua kabla hajaanza kubadili dawa kwa kubahatisha. Na mkuu wa idara atakayepokea taarifa yake aiandike katika daftari la magonjwa ya kazini siku hiyohiyo, kwa sababu ugonjwa usioandikwa popote haupati kipimo, haupati mbadala, na haupati fidia.